Vipanga wa Ziwa Ol Bolossat Wakati wa Kipupwe



Wengi wenu mkaao pwani na katika nchi za joto hamtasadiki tukiwaambia ya kuwa iko nchi iliyo karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ambayo watu wake huota moto hata mchana, na mwezi wa Julai mtoto haendi shule pasipo fulana nzito ya sufu. Nchi hiyo ni Nyandarua, katika Kenya. Ukitoka mji wa Nyahururu ukaelekea kusini, utaliona ziwa limelala bondeni, refu na jembamba. Upande wa mashariki nchi yapanda kama ukuta, kisha yaendelea kupanda hata kilele cha Satima, chenye urefu wa mita 4,001 juu ya bahari. Upande wa magharibi viko vilima vya Dundori. Ziwa lenyewe li juu ya bahari kwa mita zaidi ya 2,300, na jina lake ni Ol Bolossat.

Si ziwa lenye kina kirefu. Miaka ya mvua hujaa na kutambaa mashambani. Miaka ya ukame hupungua hata ng'ombe hulisha mahali ambapo jana palikuwa na maji. Kandokando pana matete na majani mengi, na ndani yake wamo viboko, na bata, na wale korongo wenye taji ya dhahabu kichwani. Kutoka ziwa hili hutoka mto Ewaso Narok, ambao hupita Nyahururu na kuanguka katika maporomoko ya zaidi ya mita 70, kisha huungana na Ewaso Nyiro na kwenda mbali kaskazini, katika nchi kavu ya wafugaji. Twaomba mlikumbuke jambo hili la mto, maana tutalirudia.

Sasa twawaeleza sababu ya safari yetu. Mwezi wa Juni mzee mmoja wa kanisa letu alikuja shuleni jioni, akaketi, akanyamaza kitambo kama ilivyo desturi yake. Kisha akasema, "Walimu, kuku wangu alitotoa vifaranga kumi na mmoja. Leo wamebaki wanne. Nimekwisha kununua dawa."

Tukamwuliza, "Dawa gani, Mzee?"

Akasema, "Dawa ya kutia katika nyama. Nitaitundika nyama juu ya mti, vipanga wataila, nasi tutapumzika."

Hapa yatupasa kuungama, kwa kuwa hatukuwa na haki ya kumkaripia. Mwaka uliotangulia sisi wenyewe tulitia sumu ya panya katika ghala ya shule, pasipo kumwuliza mtu yeyote, tukiwa na haraka ya kuyaokoa mahindi ya chakula cha watoto. Panya walikufa wengi. Siku ya nne paka wa mpishi akafa. Siku ya sita watoto wakaokota bundi wawili chini ya ukuta wa ghala, wamekauka. Watoto wengine walishangilia, kwani wameambiwa nyumbani ya kuwa bundi ni mjumbe wa mauti. Nasi hatukuwakataza, kwa sababu tuliona haya kusema nani aliyewaua. Muhula uliofuata panya walirudi, tena wengi kuliko kwanza, wala hapakuwa na paka wala bundi wa kuwapunguza.

Basi tukamwambia mzee, "Tupe siku moja tu kabla hujaitundika nyama. Twende pamoja ziwani tukawatazame ndege hawa, tujue wanakula nini. Tukiona ya kuwa wote ni wezi wa kuku, hatutakuzuia."

Mzee akacheka. "Mimi nilizaliwa hapa," akasema, "nami nimewaona vipanga tangu utoto wangu. Mtanionyesha nini?" Lakini mjukuu wake, msichana wa darasa la sita aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia, "Guka, twende." Akakubali kwa ajili yake.

Tulikwenda Jumamosi moja ya Julai, watu sita: walimu watatu, mzee, mjukuu wake, na mwenzake mmoja wa shule. Tulitoka saa kumi na moja, gizani, tukichukua chai katika chupa, viazi vya kuchemsha, mablanketi, daftari, na darubini moja ya shule. Tulipofika ziwani hatukuona ziwa. Ukungu ulikuwa umefunika maji na matete na mashamba, hata mtu aliyesimama hatua ishirini mbele yetu alikuwa kama kivuli. Nyasi zilijaa umande, na viatu vyetu vikajaa maji mara moja. Pumzi zetu zilitoka kama moshi wa jikoni. Yule mwalimu mwenye kushika daftari aliandika saa na tarehe, kisha vidole vikamfa ganzi, ikawa hawezi kuandika neno la tatu mpaka ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Tuliketi juu ya kijilima, migongo yetu imeelekea upepo, tukasikiliza. Viboko walikuwa wakikoroma ndani ya matete. Korongo wakalia mara mbili, kisha wakanyamaza. Ndipo kwa mbali tukaisikia sauti ya furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe alaye samaki. Hutupa kichwa chake nyuma na kupiga ukelele hata bonde zima humsikia. Mwenzake akamjibu toka ng'ambo. Mzee akasema, "Hao hawana ugomvi nami." Tukaandika: furukombe wawili.

Baridi, ndugu zetu, ni rafiki wa mtu apendaye kuwatazama ndege wawindao. Ndege wakubwa wa namna hii hawapendi kuchoka kwa kupiga mabawa. Hungoja mpaka jua limeipasha nchi joto, hewa ipate kupanda juu. Ndipo nao huiegemea hewa ile, mabawa wazi, wakazunguka na kupaa pasipo taabu, hata wakawa kama vitone mbinguni. Mtu aliye chini haoni tena wanafanya nini. Lakini asubuhi ya baridi hewa imelala. Kwa hiyo nao huketi chini, juu ya nguzo za ua na vichwa vya miti, manyoya yamefura kwa baridi, wakingoja. Wakati huo mtu akitulia aweza kuwaona vizuri, na kuyajua matendo yao kwa macho yake mwenyewe, si kwa masimulizi.

Ukungu ulipoanza kupasuka, yapata saa moja, mjukuu wa mzee alinyosha kidole pasipo kusema neno. Juu ya nguzo moja ya ua, kando ya shamba la viazi, alikuwapo kipanga mkubwa: mgongo mweusi, kifua cheupe safi, na mkia mwekundu kama udongo wa matofali. Ndege huyu ndiye wa kawaida katika nchi zetu za juu, ingawa wako wengine wa aina yake walio weusi mwili mzima, na mkia ule ule mwekundu. Alikuwa ametazama chini. Tulimwangalia kwa muda wa dakika arobaini, naye hakuondoka. Mara aliinamisha kichwa upande huu, mara upande huu. Mtoto wa pili akaanza kunung'unika kwa baridi, tukamfunika blanketi.

Mara yule ndege akajiachia kutoka nguzoni, akashuka bila kishindo, miguu mbele, juu ya kichuguu kibichi cha udongo. Akasimama pale, mabawa yamefunguka nusu. Alipoinuka alikuwa na kitu kizito makuchani, kinene, cha rangi ya hudhurungi. Mzee akanyang'anya darubini mikononi mwetu, akatazama, akasema kwa sauti kubwa, "Fuko!"

Ninyi mlio wakulima wa viazi hamhitaji kuelezwa habari za fuko. Hukaa chini ya ardhi, haonekani, hula viazi kutoka chini, na mwenye shamba huvuna mashina matupu. Katika nchi hii wako watu ambao kazi yao ni kutega fuko, nao hulipwa kwa kila fuko mmoja wamwuuao. Lakini fuko hana budi kupanda mara kwa mara kuusukuma nje udongo wa njia zake, na saa hiyo ndiyo aingojayo kipanga yule. Wataalamu waliochunguza chakula chake karibu na Naivasha wameona ya kuwa fuko ndio windo lake kubwa.

Mzee alishusha darubini, akakaa kimya. Kisha akasema, "Mtega fuko hunidai fedha kwa kila kichwa. Huyu hajanidai kitu tangu nizaliwe."

Baadaye tukamwona ndege wa pili, mwembamba, mwenye mabawa marefu na miguu mirefu, aliyeruka chini sana juu ya matete, polepole, akienda na kurudi kama mtu atafutaye sindano aliyoiangusha. Huyu ndiye kipanga wa matete. Uso wake una duara la manyoya kama uso wa bundi, nalo humsaidia kuisikia sauti ndogo ndani ya majani. Wataalamu wa zamani walimpa kwa Kilatini jina lenye maana ya "mla vyura". Lakini waliokuja baadaye wakachunguza mawindo yake wameona ya kuwa chakula chake zaidi ni panya wa nyikani. Mbele yetu alizama katika matete mara sita, na mara mbili aliinuka na panya. Tukawaambia watoto, "Tazameni jinsi hata watu wenye elimu walivyomwita ndege kwa jina lisilomtosha." Nako juu ya mkaratusi alikuwapo tai mdogo mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, kilichokuwa kikipeperushwa na upepo. Naye alishuka mara moja, akarudi tawini na panya.

Tungaliweza kuikomesha habari yetu hapa, nayo ingalikuwa nzuri kwa wasomaji. Lakini si haki kuficha lililotokea. Yapata saa tatu na nusu, jua lilipotokeza, mwewe watatu walikuja kutoka upande wa mji, mikia yao imegawanyika kama makasi, wakizungukazunguka juu ya maboma. Mara tukasikia kelele za mama mmoja kutoka nyumba iliyo mtelemkoni, na mbwa wakibweka. Mwewe mmoja akapanda kutoka uani na kifaranga makuchani, akapita juu ya vichwa vyetu, hata tukakisikia kifaranga kikilia.

Mzee akasimama. "Mmeona?" akatuuliza. "Mmeona sasa?"

Tukajibu, "Tumeona, Mzee."

"Huyo ndiye mwizi wangu."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Ndipo mjukuu wake akamwuliza kwa upole, kama mtoto aulizavyo, "Guka, ukiitundika ile nyama juu ya mti, ni yupi atakayeila?"

Mzee hakumjibu. Alitazama nguzo ya ua, ambako yule wa mkia mwekundu alikuwa amerudi kuketi, akifuta mdomo wake kwa mti. Kisha akatazama mkaratusi. Kisha akaketi, akaomba chai.

Daftari letu la siku ile laonyesha hivi. Tangu saa kumi na mbili na nusu hata saa tano tuliwaona ndege wawindao tisa: furukombe wawili, vipanga wenye mkia mwekundu wawili, kipanga wa matete mmoja, tai mwenye kishungi mmoja, na mwewe watatu. Mbele ya macho yetu yalikamatwa mawindo sita: panya wanne, fuko mmoja, na kifaranga mmoja. Hatusemi ya kuwa kila siku ni hivyo. Twasema tu ya kuwa wezi walikuwa aina moja, na nyama yenye sumu ingaliwaua aina zote, na mbwa wa jirani pamoja nao.

Tulipokuwa tukirudi njiani mzee, ambaye amesoma Maandiko kuliko wengi wetu, alitukumbusha ya kuwa Kitabu cha Walawi kimewataja ndege hawa kuwa najisi. Tukamjibu, "Naam, Waisraeli walikatazwa kuwala, hawakuamriwa kuwaangamiza. Nuhu naye aliwaingiza safinani, kila mmoja kwa jinsi yake." Tukakumbuka pia jinsi Mungu alivyomwuliza Ayubu katika dhoruba habari za kipanga na safari yake ya kusini, kama ni yeye aliyemfundisha. Swali hilo latuhusu sisi wa nchi hizi kabisa. Maana kila mwaka, tangu karibu na mwezi wa Oktoba, vipanga wengine huja Afrika ya Mashariki kutoka Ulaya na Asia wakiikimbia theluji, kisha hurudi kwao baada ya miezi michache. Wakifika kwetu wakakuta nyama ya sumu, watu wa mbali watawangoja bure.

Wala tusidhani ya kuwa ndege hawa ni wengi, hawawezi kwisha. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha hesabu za ndege wawindao walioonekana kandokando ya njia za Kenya, wakilinganisha miaka ya 1970 na miaka iliyofuata hata 2020. Katika aina 22 walizozihesabu, aina 19 zimepungua. Huyu wa mkia mwekundu, ambaye wazee wanakumbuka kumwona juu ya kila nguzo, amepungua zaidi ya tisa katika kila kumi. Sababu ni nyingi: mashamba yamekula nyika, miti imekatwa, nyaya za umeme zawaua, na sumu yawaua. Nao hawazai kama kuku. Wengi wao hutaga mayai machache tu, na mara nyingi kinda mmoja tu hukua. Serikali ililitangaza ziwa hili mwaka 2018 kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Lakini tangazo haliwezi kuuona mti ulio nyuma ya nyumba ya mtu.

Jumapili ya pili baada ya safari, ibada ilipokwisha, mzee alitungoja nje ya kanisa. Alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na kamba, hakijafunguliwa. Akasema, "Nilitaka kuitupa hii mtoni, ipotee. Mjukuu wangu akanizuia. Aliniuliza, 'Guka, mto huu si ndio uendao Nyahururu, kisha kwa wafugaji kule chini?' Basi sikujua pa kuitupa." Tulikwenda naye kwa bwana shamba, tukamkabidhi, naye akatuambia tumefanya vema kutoitupa majini wala kuifukia karibu na kisima.

Yafaa tuwape wenye nyumba mashauri aliyotupa bwana shamba, maana kumkataza mtu sumu bila kumwonyesha njia nyingine ni kumwacha na hasara yake. Vifaranga wasiachwe uani majuma ya kwanza, bali wakae pamoja na mama yao katika kibanda cha fito kilichofunikwa kwa wavu. Wakitoka, wapate vichaka vifupi karibu, wapate kukimbilia chini yake. Mizoga na matumbo ya kuchinja yafukiwe, kwa sababu hayo ndiyo huwaita mwewe nyumbani. Na kuku wote wachanjwe ugonjwa wa kideri, ambao kwa siku chache waweza kummalizia mtu banda zima. Mzee alifanya hivyo. Kuku wake alipototoa tena vifaranga tisa, saba walikua. Wawili walikufa kwa kuugua, wala hakuna aliyechukuliwa na ndege.

Nasi tulikuwa na deni letu. Jumatatu, watoto walipopanga mistari asubuhi, tuliwaambia habari za wale bundi wawili: ya kuwa hawakuleta mauti kwa mtu yeyote, bali mauti waliipata kwetu, kwa panya tuliowatilia sumu. Ilikuwa vigumu kusema kuliko tulivyodhani. Watoto walinyamaza. Kisha mvulana mmoja mdogo akauliza, "Mwalimu, sasa panya wataliwa na nani?"

Tumetengeneza sanduku la mbao lenye tundu upande mmoja, tukalitundika juu chini ya paa la ghala, mahali ambapo bundi aweza kuingia na kutaga. Mahindi tumeyatia katika mapipa ya bati yenye vifuniko. Mpaka leo tuandikapo maneno haya sanduku halijapata mwenyeji. Watoto hulitazama kila asubuhi kabla ya kengele, nasi hulitazama jioni, wakati baridi ianzapo kushuka kutoka Satima.

Mungu awabariki ninyi nyote na nyumba zenu.